Msimtwike Mwalimu wa Kiingereza

Mwaka mmoja matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, shule yetu iliita kikao cha wazazi. Walikuja wengi kuliko kawaida, wakakaa kwenye madawati yaliyotolewa nje chini ya mwembe, na mkuu wa shule akasoma idadi ya waliofaulu na waliofeli, somo baada ya somo. Alipofika Kiingereza sauti yake ilishuka. Mzee mmoja, fundi seremala aliyetutengenezea karibu nusu ya madawati yale, akanyoosha mkono.

"Walimu wetu, poleni na kazi," akaanza. "Mimi sikusoma, msinione sina adabu. Nauliza tu nielewe. Huyu mwalimu wa Kiingereza, yeye mwenyewe Kiingereza anakijua?"

Watu wakaguna. Mkuu wa shule akanitazama, maana mwalimu anayeulizwa nilikuwa mimi. Nikasimama nikasema maneno fulani kuhusu uhaba wa vitabu na utoro wa wanafunzi, kisha nikakaa. Lilikuwa jibu dhaifu. Mzee yule aliuliza kwa heshima na alistahili kujibiwa kwa ukamilifu, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikimjibu kichwani mwangu kila ninapotoka darasani. Leo naliandika jibu hilo.

Swali lake linaulizwa nchi nzima. Bungeni linaulizwa, redioni linaulizwa, na kwenye daladala abiria hawamalizi safari bila kulitaja. Ila huko kwingine mara nyingi si swali tena, limekwisha kuwa hukumu: watoto wa sekondari hawajui Kiingereza kwa sababu walimu wao wa Kiingereza hawakijui. Baada ya hukumu hufuata adhabu zinazopendekezwa. Walimu wapewe mtihani, watakaofeli waondolewe, nafasi zao wapewe Wakenya na Waganda. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi ni wazazi walioumia, na wengine ni waajiri wanaompokea kijana mwenye cheti asiyeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja. Uchungu wao nauelewa. Walichokosea ni mahali pa kuuelekeza.

Nianze na yale yaliyo kweli katika madai yao, kwa kuwa sitaki mtu adhani nawatetea wenzangu kwa sababu tu tunakaa ofisi moja. Wako walimu wa Kiingereza ambao Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Nimekaa nyuma ya darasa nikaona ubaoni sentensi ambayo kitenzi chake hakikubaliani na nafsi, na wanafunzi wote wakainakili. Nimemjua mwalimu aliyefundisha sarufi mwaka mzima bila kuthubutu kuzungumza na wanafunzi wake kwa dakika tano mfululizo, kwa hofu kwamba angekwama. Mimi mwenyewe kwa miaka mitatu niliwafundisha watoto kusema "discuss about", kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyosikia maofisa wakisema kwenye semina. Siku nilipogundua kwamba ile "about" haitakiwi pale, nilifikiria vijana wote waliokwisha kuondoka na kosa langu, na sikuwa na njia ya kuwafikia.

Kwa hiyo sibishi kwamba upungufu upo. Ninachobisha ni kuufanya upungufu wa mwalimu kuwa chanzo, wakati wenyewe ni zao la mfumo ule ule unaomzalisha mwanafunzi anayefeli. Tena nadai jambo la pili, ambalo ni zito zaidi: hata tungemweka darasani mwalimu ambaye Kiingereza chake hakina doa, kazi aliyopangiwa mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu za sekondari haiwezekani kufanyika. Hakuna lugha ya mwalimu itakayoifanya iwezekane.

Twende darasani tuhesabu. Kidato cha kwanza nilichofundisha mwaka wa kikao kile kilikuwa na mikondo minne, na kila mkondo ulikuwa na wanafunzi 72. Kila mkondo ulikuwa na vipindi sita vya Kiingereza kwa wiki, na kipindi ni dakika 40. Hizo ni dakika 240, yaani saa nne. Tuseme mimi mwalimu sikufungua mdomo hata mara moja, sikuandika ubaoni, sikuita majina, wala hakuna aliyechelewa, na muda wote nikawaachia watoto wazungumze mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja angepata dakika tatu na sekunde ishirini kwa wiki. Kwa kila siku ya shule ni sekunde arobaini. Hakuna mtu duniani aliyejifunza kusema lugha ngeni kwa sekunde arobaini kwa siku.

Kuandika nako hivyo hivyo. Mtoto hujifunza kuandika kwa kuandika, kusahihishwa, na kuandika tena. Nikiwapa mikondo yote minne insha moja, ninabeba madaftari 288. Nikitumia dakika tano kwa kila daftari, muda ambao hautoshi hata kuelewa mtoto alitaka kusema nini, nitahitaji saa 24 kamili, mchana na usiku bila kulala, kwa insha moja tu. Ndiyo maana walimu wengi wanatoa maswali ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mthibiti ubora akija anaona alama za vema zimejaa daftari anaridhika, na mtoto anafika kidato cha nne hajawahi kusahihishwa ukurasa mzima alioutunga mwenyewe. Katika hili kuna mahali ambapo ufasaha wa mwalimu ungebadilisha chochote? Mwalimu aliyezaliwa London naye angekuwa na saa 24 tu kwa siku.

Hapa husimama mzee mwingine, si yule fundi, bali aliyesoma zamani, na kusema: mbona sisi wa darasa la nane la mkoloni tulikijua? Hoja hii ina nguvu kwa watu wengi kwa sababu ushahidi wake unatembea. Wazee hao wapo, Kiingereza chao ni safi, na wanaandika barua kwa mwandiko wa kupendeza. Tena humtaja Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu, akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Lakini tukumbuke walikuwa wangapi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari nchi nzima hawakufika elfu kumi na tano. Leo wanazidi milioni mbili. Wale wachache walichujwa na kuchujwa tena, wengi wakawekwa bweni, wakafundishwa katika madarasa madogo. Na lililo kubwa kuliko yote, Kiingereza hawakukikuta sekondari. Katika shule za kati, darasa la tano hadi la nane, masomo yalikwisha kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Walipovuka kwenda sekondari, walivuka kwenye daraja.

Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Ulikuwa uamuzi sahihi, na nitausimamia mbele ya yeyote: mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa. Lakini sekondari iliachwa ilivyokuwa, kwa Kiingereza kile kile, na daraja likaondolewa. Tangu siku hiyo mtoto wa Kitanzania anamaliza darasa la saba akiwa amesoma hisabati, sayansi na jiografia kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Kisha Januari anaingia kidato cha kwanza na vitabu vyote vimebadilika lugha. Kuna kozi ya wiki kadhaa ya kumwandaa. Mtu yeyote aliyefundisha shule ya kata anajua kwamba mwisho wa Januari nusu ya darasa haijaripoti. Wengine wanatafutiwa sare, wengine mahitaji, na wanaendelea kuingia mmoja mmoja mpaka Machi, kozi yenyewe imekwisha.

Mtoto huyo ndiye anayekabidhiwa mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu anatakiwa kwa saa nne kwa wiki amjengee daraja ambalo taifa zima halikulijenga kwa zaidi ya nusu karne.

Wala mtu asiseme hatukujua. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliwasilisha ripoti yake mwaka 1982 na kupendekeza kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu, wakakuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo. Hata hivyo walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na baada yake ukaja mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa fedha za Uingereza, uliogawa vitabu vya hadithi mashuleni. Vile vitabu vilikuwa vizuri. Mradi ulipokwisha vilichakaa, vikatatuka, vikabaki maktaba chache za shule kongwe. Tatizo alilolitaja fundi wangu wa madawati lilikwisha kupimwa na kuandikwa kabla wengi wa walimu wanaolaumiwa leo hawajazaliwa.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba wanaolaumiwa ni watoto wa mfumo unaolaumiwa. Mfuatilie mwalimu wa Kiingereza mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Alisoma shule ya msingi chini ya walimu ambao baadhi yao walikuwa wa UPE, ule mpango ulioharakishwa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, uliowachukua vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Nchi ilitaka kila mtoto aende shule, na lilikuwa lengo tukufu, lakini walimu hao Kiingereza walikipata wapi cha kumpa? Akafika sekondari. Kuanzia mwaka 2004 kila kata ikaambiwa ijenge sekondari yake. Mwaka ule shule za sekondari nchini hazikufika 1,500. Ilipofika 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Majengo yalipatikana kwa nguvu za wananchi, tofali kwa tofali, na nawaheshimu waliobeba mawe kichwani kwa ajili ya watoto wao. Walimu hawafyatuliwi kama matofali. Wakachukuliwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakapelekwa madarasani. Watu wakawaita Voda Fasta, kwa jina la ile huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Jina liliwaumiza. Wengi wao walijitahidi kuliko tulivyokuwa na haki ya kutarajia, wakajiendeleza, wakarudi vyuoni kwa gharama zao wenyewe.

Wanafunzi wa shule hizo ndio waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitetemeka. Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Lakini watahiniwa wa mwaka ule, na wa miaka iliyotangulia na iliyofuata, ndio pia waliochaguliwa baadaye kwenda vyuo vya ualimu. Baadhi yao leo wanafundisha Kiingereza. Tunamshangaa nani? Chuoni tuliwapa miaka miwili au mitatu, na sehemu kubwa ya muda ule ikaenda kwenye saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, maandalio ya somo na maazimio ya kazi. Vyote ni muhimu. Lugha yenyewe, ya kusoma kwa wingi na kuandika na kusahihishwa na kuzungumza, ilichukuliwa kwamba kijana amekuja nayo kutoka sekondari. Amekuja nayo kutoka sekondari ipi?

Tuwatazame na walimu wengine, ambao mjadala huu huwasahau kabisa. Wiki ya mwanafunzi ina vipindi vingi, na sita tu ni vya Kiingereza. Vilivyobaki, isipokuwa Kiswahili na masomo mengine machache, kisera vinafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa historia, wa baiolojia na wa jiografia ndio wenye saa nyingi za Kiingereza na mtoto kuliko mimi. Saa hizo zinatumikaje? Kila aliyepita sekondari ya kata anajua. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili waelewe, kisha anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza ili wanakili, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza. Simlaumu. Angefanya nini? Kama angefundisha kwa Kiingereza tupu, darasa lingekaa kimya mpaka kengele. Lakini angalia matokeo yake: watoto wanaandika Kiingereza kurasa na kurasa kila siku bila kukitumia hata kidogo. Wanakichora. Kisha mtihani wa baiolojia wakiufeli, lawama inakuja kwangu.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye angeweza kukueleza kwa Kiswahili jinsi malaria inavyotoka kwa mbu hadi kwenye damu, hatua kwa hatua, vizuri kuliko mhudumu wa afya. Katika mtihani aliandika mistari miwili. Mwalimu wa baiolojia alinionyesha karatasi ile akasema, "Mwalimu mwenzangu, huyu umemwangusha wewe." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Sasa ninalo: mtoto yule hakuangushwa na Kiingereza changu, aliangushwa na uamuzi wa kumpima baiolojia kwa lugha ambayo alikuwa bado anajifunza. Wasomi wetu wamelisema hili kwa miongo. Martha Qorro na Casmir Rubagumya, waliofundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameliandika, na mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha ya watoto na yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Watoto waliofundishwa kwa lugha yao waliuliza, wakajibu, wakaelewa. Kumbuka na hili: Norway hawafundishi fizikia kwa Kiingereza sekondari, wanafundisha Kiingereza kama lugha, kwa walimu waliopewa muda na vitabu, na vijana wao wanakizungumza vizuri.

Nije kwenye neno lenyewe, kujua Kiingereza. Wanaotuhukumu hutumia sikio. Wakimsikia mwalimu anatamka kama mtangazaji wa redio ya ng'ambo, wanasema huyu anajua. Wakimsikia ana lafudhi ya Kisukuma au ya Kimakonde, wanatikisa kichwa. Lakini kuzungumza lugha ni kazi moja na kuifundisha ni kazi nyingine. Mwalimu wa lugha ngeni anapaswa kujua kwa nini mtoto anayewaza kwa Kiswahili anachanganya "he" na "she": kwa sababu lugha yake haitenganishi nafsi ya mwanamume na ya mwanamke. Anapaswa kujua kwa nini mtoto anaweka irabu mwisho wa kila neno, na jinsi ya kumwondolea bila kumwaibisha. Anapaswa kujua neno lipi litangulie na lipi lisubiri. Mtu aliyekulia Nairobi akisema Kiingereza tangu utotoni huenda hajawahi kufikiria maswali hayo hata siku moja, kwa kuwa hakuwahi kuyahitaji.

Nilikuwa na mwenzangu aliyefundisha miaka sita katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, mjini, ambako wanafunzi wake walipata alama A na B. Wazazi walimsifu, na watu wakasema huyo ndiye mwalimu wa Kiingereza. Kisha akaajiriwa serikalini akapangiwa kituo kwetu. Mwalimu yule yule, mdomo ule ule, bidii ile ile. Mwaka wa kwanza wanafunzi wake walifeli kama wa kwangu. Alikuwa amezoea darasa la watoto 28 ambao walianza Kiingereza chekechea, wenye vitabu viwili viwili kila mmoja, na nyumbani kuna televisheni na mzazi anayewauliza kazi za shule. Kwetu alipata watoto sabini na kitu, kitabu kimoja kwa watoto wanne, na mlango wa darasa usiofunga. Alikaa kimya ofisini siku nyingi. Mwishowe akaniambia, "Ndugu yangu, kumbe kule walikuwa wananisifu kwa kazi ya watu wengine." Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Kwa hiyo mtihani kwa walimu utapima nini? Utapima matokeo ya maamuzi ya zaidi ya nusu karne, kisha utampa mtu mmoja bili ya yote. Na watakaofeli wataondolewa waende wapi, na nani achukue nafasi zao? Wale wa nje? Huko nje nako lugha imewatesa walimu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na maelfu ya walimu waliosoma na kufundisha kwa Kifaransa maisha yao yote wakatakiwa kuingia darasani na lugha mpya. Miaka michache baadaye madarasa matatu ya mwanzo yakarudishwa kwenye Kinyarwanda, na mwaka 2019 ikaamuliwa tena Kiingereza. Katika mageuzi yote hayo ni mwalimu aliyesimama mbele ya watoto akitafuta maneno. Lugha ya mwalimu hainyooshwi kwa tangazo, wala kwa vitisho.

Tena kuna jambo linalotibua moyo. Sisi tunaosemwa kwamba tumeliangusha taifa, kwenye hesabu za ajira ni walimu wa sanaa, na walimu wa sanaa tumehesabiwa kuwa wa ziada. Mwaka 2017 walimu wa ziada wa masomo ya sanaa walihamishwa kutoka sekondari kwenda shule za msingi. Ajira zilipotolewa, kipaumbele kilikuwa sayansi na hisabati. Sipingi sayansi. Lakini nchi ambayo sayansi yake inafundishwa kwa Kiingereza inawezaje kumhesabu mwalimu wa Kiingereza kuwa ziada? Vijana wenye shahada za kufundisha Kiingereza wako mtaani, wanaendesha bodaboda na kuuza vocha, na Kiingereza chao kinapauka mwaka hadi mwaka. Siku mmoja wao akipata ajira baada ya miaka sita, tutasema hakijui.

Na vitabu? Mwaka huo huo wa 2017 serikali iliviondoa vitabu vya kiada vya madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, kikiwamo cha Kiingereza, kwa sababu vilikuwa na makosa. Vilikwisha kuchapwa, kulipiwa na kusambazwa. Mwalimu akiandika kosa ubaoni analaumiwa yeye na kizazi chake. Kosa likichapwa kwenye kitabu cha taifa, ni mwalimu yule yule anayetegemewa kulitambua.

Sidai kwamba mwalimu asiguswe. Mwalimu wa Kiingereza asiyesoma kitabu kingine chochote zaidi ya cha kiada anajidhulumu mwenyewe na watoto wake, na nimewaambia wenzangu hivyo uso kwa uso. Nataka tufundishwe. Nataka saa mbili kila wiki, ndani ya ratiba ya kazi na si Jumamosi kwa hiari, walimu wa Kiingereza wa kata moja wakutane wasome, waandike, wasahihishane, wakiwa na mtu anayejua zaidi wa kuwaongoza. Mafunzo endelevu ya walimu kazini yameanzishwa, na wazo lake ni jema. Yapewe muda na fedha, yasiishie kwenye fomu za mahudhurio. Nataka vyuo vya ualimu vifundishe lugha yenyewe, siyo njia za kuifundisha pekee. Nataka kila shule iwe na makasha ya vitabu vya hadithi vyepesi ambavyo mtoto anaruhusiwa kwenda navyo nyumbani, hata vikipotea vichache. Kitabu kilichopotea kwenye nyumba ya mwanafunzi kinasomwa. Kilichofungiwa kabatini hakisomwi.

Na nataka, kuliko yote hayo, tuwaondolee watoto adhabu ya kujifunza fizikia na historia kwa lugha wasiyoielewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote. Mlango haukuvukwa, na sekondari bado inafundishwa kwa Kiingereza. Tukiuvuka, Kiingereza hakitakufa. Kitabaki somo, na kwa mara ya kwanza mwalimu wake atakuwa na kazi ambayo mwanadamu anaweza kuifanya: kufundisha lugha, badala ya kubeba mgongoni masomo tisa ya wenzake. Hapo ndipo mje mnipime, na nikifeli nitakubali.

Mzee wangu fundi, samahani kwa kukuchelewesha. Uliuliza kama mwalimu wa Kiingereza anakijua Kiingereza. Nakijua kiasi, na kila mwaka nakijua zaidi ya mwaka uliopita, kwa kununua vitabu kwa mshahara wangu. Lakini ile siku ulikuwa na haki ya kuuliza zaidi. Kikao kijacho nyoosha mkono tena. Uliza mkondo mmoja una watoto wangapi. Uliza mjukuu wako alisahihishiwa insha ngapi mwaka jana, na kitabu anachosoma ni cha nani. Uliza kwa nini anafundishwa mbegu na mvua, vitu anavyovijua tangu shambani kwenu, kwa lugha ambayo wewe na yeye hamwezi kuijadili mezani. Uliza ni nani aliyeamua hivyo, na yuko wapi siku ya kikao. Nitasimama karibu yako, na safari hii sitajibu kwa niaba yake.